Wasii wa Kombe Garama

Babangu, Kombe Garama, aliwaheshimu mno watu wanaovaa tai. Alikuwa fundi wa makuti. Mapaa mengi ya hoteli za Diani yalipita mikononi mwake, na kila alipokuwa juu akishona aliwaona kule chini wenye mashati meupe wakipita na karatasi, akaamini kwamba dunia inaendeshwa na hao. Mamangu, Mbodze, alimwambia mara nyingi kwamba mtu akivua tai hubaki na shingo kama shingo nyingine. Baba hakusikia. Ndiyo maana alipougua na kujua kwamba hatapona, akaenda Ukunda kwa wakili kuandika wasia, mtu aliyemteua kuutekeleza hakuwa mama, wala mimi Eddah, mwanawe wa kumzaa. Alimteua Ivan.

Ivan ni mtoto wa baba mkubwa. Wazazi wake walifariki angali mdogo, akalelewa kwetu Tiwi, tukala sahani moja. Baba alimsomesha mpaka chuo cha hoteli, na wakati huo alikuwa mapokezi katika hoteli moja ya Diani, akiwatabasamia wageni na kuwakabidhi funguo. Sisemi kwamba ni kazi mbaya. Mimi mwenyewe nasuka watu nywele pale Kona ya Musa na sioni haya. Nasema tu kwamba ukigawa funguo za vyumba visivyo vyako kwa miaka, na akili yenyewe ni ya kuazima, utafika mahali usahau kwamba vyumba si vyako.

Tulimzika baba nyumbani. Matanga yalipoondolewa wakili akatuita ofisini kwake Ukunda. Aliitwa Jemima, mwanamke wa bara aliyekuwa amekaa pwani muda mrefu hata akajifunza kusema polepole. Alitusomea wasia mbele ya mama, mimi, Ivan, na mjomba Fondo, ndugu ya mama, aliyekuwa akitunza ng'ombe wa baba huko Kinango.

Nyumba kubwa na shamba la minazi vilikuwa vya mama maisha yake yote. Nyumba ndogo iliyo upande wa ufuoni, ambayo baba alizoea kuwapangisha wageni, ilikuwa yangu. Ng'ombe tugawane mimi na mama, ila mtamba mmoja aliye bora awe wa Fondo kwa utumishi wake, na fahali mweusi awe wa Ivan. Kisha likaja lile jina. Ivan Garama ndiye wasii.

"Wasii maana yake nini hasa?" Ivan aliuliza, akijikalisha vizuri kitini.

"Ni mtu ambaye marehemu amemwamini autekeleze wasia wake," Jemima alisema. "Utakusanya mali, utalipa madeni kama yapo, halafu utawapa warithi kila mmoja kilicho chake. Lakini kwanza utaiomba mahakama iuthibitishe wasia na ikupe hati. Kabla ya hati hiyo, kazi yako ni kulinda tu. Huuzi, hugawi, huhamishi."

"Kwa hivyo mimi ndiye maneja."

"Wewe ni mtumishi. Wa marehemu, na wa hawa waliokaa hapa."

Ivan alicheka kwa adabu, vile wanavyocheka watu wa mapokezi mgeni anapolalamika kwamba maji ya moto hayatoki. Nikajua kwamba neno la mwisho halikuingia.

Haukupita muda tukaona kibao langoni, kimeandikwa kwa rangi nyekundu. Mama hakusoma shule, akaniomba nimsomee. Nikamsomea: Mali ya marehemu Kombe Garama. Msimamizi, Ivan Garama. Usiingie bila ruhusa.

"Na nikitoka kwenda kisimani, nikirudi nitamwomba nani ruhusa?" mama aliuliza.

"Msimamizi."

Mama alikitazama kibao, akaingia ndani, akatoka na leso zake alizokuwa amezifua, akazianika juu yake. Kikawa ndicho kianikio chetu kuanzia siku hiyo. Ivan alipokuwa akija alizitoa moja moja kwa vidole viwili, akaziweka juu ya ua, na akishaondoka mama alizirudisha.

Baadaye alihamia katika ile nyumba ndogo pamoja na mchumba wake, Caroline. Alisema mali isiyokaliwa huharibika, na kwamba yeye kama msimamizi hawezi kulala mbali nayo. Caroline hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameambiwa tu kwamba anaolewa na mwenye nyumba ufuoni, na nani angekataa. Jioni Ivan alikaa barazani kwenye kiti cha baba, mguu juu ya mguu, akipokea watu waliokuja kumpa pole. Wazee wa kijiji walimwita kwa heshima, maana hakuna aliyeelewa cheo chenyewe ni kipi, na kitu ambacho mtu hakielewi hukiogopa. Yeye aliwaitikia "marahaba" kabla hawajamwamkia. Mama alikuwa ndiye aliyemwogesha mtoto huyu, akamkanda alipovimba tezi, akamfunza kula kwa mkono wa kulia. Asubuhi moja Ivan alipita mbele yake bila kumpa hata shikamoo, simu sikioni, akisema kwa sauti kuu kwamba yuko katikati ya mambo ya mirathi.

"Mirathi ni ugonjwa?" mama aliniuliza baadaye. "Maana naona umempanda kichwani."

Tukalicheka hilo, na sasa naona tulicheka kwa sababu hatukujua ubaya wenyewe uko njiani.

Mjomba Fondo alitufikia Tiwi bila habari, vumbi la Kinango lingali miguuni, akaketi chini, akapewa maji, akanywa. Ndipo akatueleza. Ivan alikuwa amefika zizini na lori la mfanyabiashara wa mifugo kutoka Lunga Lunga. Alipakia karibu ng'ombe wote, pamoja na yule fahali mweusi, akiwaacha wakongwe wawili na ndama. Fondo alimzuia. Ivan akamwonyesha karatasi yenye muhuri, nakala ya wasia ule ule, akamwambia kwamba hiyo ndiyo sheria na anayeipinga atalala ndani.

"Mimi sijui karatasi," Fondo alisema. "Nilimuuliza tu, huyu mtamba wangu naye unampeleka wapi? Akasema hesabu zitafanywa mwishoni."

Zilikuwa gharama za usimamizi, Ivan alitueleza alipokuja. Kesi zina gharama, safari zina gharama, na msimamizi hawezi kupanda boda boda kwenda kuonana na watu wakubwa. Gharama zenyewe tuliziona zimeegeshwa chini ya mkorosho, gari dogo la mtumba lenye vioo vyeusi. Caroline alikuwa ndani yake akijaribu redio.

Nilimwambia kwamba ameuza mali ya watu.

"Eddah, dada yangu, haya mambo yana utaratibu," alisema. "Wewe endelea na nywele."

Mama huwa hasemi mpaka jambo limfike miguuni, na la miguuni lilikuja juma lililofuata. Tuliamshwa na mngurumo shambani. Ivan alikuwa amesimama katikati ya minazi ya baba na mtu mmoja aliyeshika msumeno wa mashine, Tobias kwa jina, aliyekuwa akinunua magogo ya minazi kwa kupasua mbao. Mnazi mmoja ulikuwa tayari chini, nazi changa zimetawanyika kila upande.

Mama alipita pale ulipolala, hakuutazama. Alikwenda mpaka mnazi uliofuata, akakunja leso yake, akaketi shinani kama mtu anayesubiri ibada ianze.

"Mama, tafadhali sogea," Ivan alisema. "Minazi hii imezeeka."

"Hata mimi nimezeeka. Utanikata?"

"Sheria inaniruhusu. Mimi ndiye wasii."

Mama alimgeukia yule mwenye msumeno. "Baba, unaitwa nani?"

"Tobias, mama."

"Una mama mzazi?"

"Ninaye."

"Yuko wapi?"

"Bondo, mama."

"Msalimie sana."

Tobias alisimama kidogo na msumeno unanguruma mkononi. Kisha akauzima. Alimwambia Ivan kwamba wakishaelewana nyumbani ampigie, akafunga vitu vyake nyuma ya pikipiki na kuondoka, hata gogo lile moja hakulichukua. Ivan alibaki ameshika kiuno katikati ya shamba. Alituambia sisi ni watu wa kurudisha maendeleo nyuma, tena alisema kwa Kiingereza, nadhani ili minazi nayo isikie. Mama aliondoka pale chini jua lilipokuwa kali, akaniambia nivae viatu.

Tulikwenda kwa Jemima. Alitusikiliza mpaka mwisho huku akigeuza kalamu, kisha akapiga simu mahakamani Kwale, akauliza, akashukuru, akakata.

"Hajapeleka hata maombi," alituambia. "Hana hati. Hakuna mtu aliyemthibitisha."

"Na ile karatasi yenye muhuri?" niliuliza.

"Ni nakala tu, na muhuri ni wangu. Wasia unampa jina. Nguvu ya kuigusa mali anapewa na mahakama. Kufanya alivyofanya kunaitwa kuingilia mali ya marehemu, na ni jinai. Mtu hufungwa kwa hilo."

Mama alimwomba alirudie neno hilo la mwisho. Aliporudia, kwa mara ya kwanza tangu tufike nilimwona mama ana wasiwasi. Alikuja kumshtaki Ivan, hakuja kumfunga. Aliuliza kama kuna njia ya ng'ombe kurudi bila mtoto kwenda jela. Aliposema "mtoto" nilitaka kumwambia kwamba mtoto huyo ana ndevu, lakini Jemima alikuwa ameshaanza kueleza. Tungeiomba mahakama imlazimishe atoe maelezo ya kila alichokigusa, akirudishe, na usimamizi wapewe watu wengine.

Ivan alipopata samansi alikuja nyumbani kwa miguu, gari ameliacha mbali, akaketi kwenye kibao cha mbuzi, akaanza kukuna nazi, mama akiwa upande wa pili wa jiko. Sauti yake ilikuwa imepungua nusu.

"Nimefikiria, mama. Naona niache tu huu usimamizi. Kazi yenyewe ni nzito, na mimi nina majukumu kazini."

"Acha," mama alisema.

"Nimeandika barua kwamba nimejitoa. Kwa hivyo hakuna haja ya kwenda Kwale."

"Barua hiyo umewaandikia ng'ombe pia?"

Alikuna nazi yake mpaka kifuu, akaiacha pale, akaenda zake.

Siku ya kesi mahakama ya Kwale ilijaa watu wenye mambo yao. Hakimu alikuwa mzee mwenye mafua, kila mara akijipangusa pua kwa kitambaa, na nilihofu kwamba hatasikia vizuri. Alisikia kila kitu. Ivan alisimama amevaa suti na tai yake ya rangi ya zambarau, akasema kwa sauti ya mapokezi kwamba anaiheshimu mahakama na angependa kuijulisha kwamba ameshajiuzulu.

"Kukataa usimamizi ni haki yako," hakimu alisema. "Ungekataa siku ile wasia uliposomwa, ningekutakia safari njema. Lakini huwezi kula nusu ya sahani halafu ukasema hukualikwa. Ng'ombe wako wapi?"

"Wako kwa mnunuzi, mheshimiwa."

"Uliwauza kama nani?"

"Kama msimamizi."

"Aliyethibitishwa na nani?"

Ivan alimtazama Jemima kana kwamba atamsaidia. Jemima alikuwa anasoma faili lake.

"Niliwauza kama... kama mtu wa familia, mheshimiwa."

"Mtu wa familia. Familia ni ile pale kwenye benchi, na ndiyo iliyokuleta hapa."

Watu walicheka, hata askari wa mlangoni. Mimi nilicheka zaidi yao wote na sikujizuia. Hakimu alipangusa pua, akatoa amri. Ivan aondoke katika nyumba isiyo yake. Asiguse tena jani la shamba lile. Alete mbele ya mahakama maelezo ya kiapo ya kila alichochukua na kilipo, na awarudishe wanyama wenyewe. Atakayeshindikana kurudi atahesabiwa katika fungu la Ivan mwenyewe. Na kama atakuja mara ya pili bila ng'ombe, suti hiyo ataiacha kwa ndugu zake, kwa maana huko atakakokwenda watu hupewa nguo.

Caroline alihama kabla yake. Alikuja kuaga, nikamfungia mihogo ya kwenda nayo, na alipouliza kama ni kweli kwamba nyumba haikuwa ya Ivan hata kidogo, nilimwambia hata kitasa.

Yule mfanyabiashara wa Lunga Lunga hakuwa na shida. Alikuwa mtu wa mpakani, amezoea biashara kwenda na kurudi. Alisema Ivan awachukue ng'ombe, ila amwachie lile gari dogo. Wanyama walikuwa wangali malishoni kwake, wote isipokuwa fahali mweusi, aliyechinjwa mara tu alipoteremshwa kwenye lori. Ndivyo ilivyokuwa. Katika zizi zima, mnyama pekee ambaye Ivan alifanikiwa kumpoteza kabisa alikuwa wake mwenyewe. Nililisimulia jambo hilo saluni kila siku mpaka wateja wakaniomba nibadilishe hadithi.

Lori halikutolewa, na Ivan hakuwa na pesa za kukodi jingine. Ilimbidi awaswage kwa miguu kutoka Lunga Lunga mpaka Kinango, kule nyuma kwenye nyika ya miiba, yeye na mjomba Fondo, ambaye alikwenda kwa sababu mama alimwomba. Fondo ndiye aliyetusimulia, kwa utaratibu wake wa kusema kitu kimoja na kunyamaza. Ivan alivaa viatu vyake vya hoteli, na soli moja ikabanduka kabla hawajaenda mbali. Ng'ombe hawakumjua, kila akipiga kelele walikwenda upande mwingine. Mtamba wa Fondo alimburuta kwa kamba mpaka ndani ya kichaka cha mkonge. Walilala kwa watu, wakinywa maji ya bwawa pamoja na mifugo. Siku ya pili Ivan aliketi njiani akalia.

"Alilia?" niliuliza. Nilitaka Fondo alirudie.

"Alilia. Alisema marehemu angemwambia kwamba kazi iko hivi, asingeikubali."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mama hakucheka. Aliuliza kama alikuwa amekula. Fondo akasema alimpa sima na mtindi wa kibuyu, akala. Mama akatikisa kichwa na kuendelea kuchagua mchele. Mpaka leo sijui kama alikuwa anamhurumia Ivan au anamkumbuka baba, ambaye kwa mapenzi yake ya kijinga alimtwika mtoto mzigo huu akidhani anampa heshima.

Mahakama ilimwondoa Ivan. Mama na mimi tukapewa barua za usimamizi wa mirathi, wasia ukiwa umeambatishwa, na hapo ndipo nilipojua kwamba hakuna heshima yoyote katika shughuli hii. Nilikwenda kwa chifu na kurudi kwa chifu. Nilipanga foleni Kwale kwa kosa la herufi moja katika jina la babangu. Tulingoja tangazo litoke katika gazeti la serikali, kisha tukangoja muda wa pingamizi upite, na kwa kuwa mama magoti yanamuuma, kungoja huko kote kulifanywa na miguu yangu. Nilizikosa kazi za kusuka za harusi mbili kubwa kwa sababu bibi harusi hawezi kungoja mahakama. Majirani nao walianza kuniita tajiri. Mzee mmoja alikuja kunikopa, na nilipomwambia kwamba sina, alisema kwa uchungu kwamba watu wakishapata usimamizi hubadilika.

Mwishowe mahakama iliidhinisha mgawanyo. Tulikwenda Kinango siku ya kuwatenga ng'ombe, Fondo akamchukua mtamba wake, akamfunga kamba na kumpeleka kivulini peke yake, akasimama naye huko muda mrefu. Hati ya nyumba ndogo iliandikwa jina langu. Nimempangisha muuguzi wa Msambweni aliye mtulivu, anayefagia uwanja bila kuambiwa.

Ivan sasa anakaa Ukunda katika chumba kimoja, na kazi yake bado anayo. Jumapili nyingine huja Tiwi. Humletea mama sukari, wakakaa jikoni wakazungumza mambo ya zamani, mama akampakulia wali na samaki wa kupaka. Mama anasema yamekwisha, kwamba damu haioshwi ikatoka, na kwamba Mungu ndiye msimamizi wa wote. Nami huwatilia chai wote wawili, nikarudi zangu barazani. Juzi alinifuata huko, akasimama mlangoni, akaniuliza kama bado nimemkasirikia.

Nilimwambia sijamkasirikia. Nilimwambia namdharau, na kwamba hilo ni jepesi zaidi, halinikoseshi usingizi. Akaniangalia kama anayetaka kueleza kitu, kisha akaingia ndani kumsaidia mama kuosha vyombo.